Upungufu Unapohama

Jua la saa sita linapomchoma mkulima wa mihogo huko Maneromango, wilayani Kisarawe, ndani ya ngozi yake kuna molekuli zinazokatika pete. Ni molekuli za jamii ya kolesteroli. Kila moja ina atomi 27 za kaboni, 44 za haidrojeni na moja ya oksijeni. Miale ya urujuanimno huigonga, kifungo kimoja cha pete huachia, na molekuli hufunguka. Kazi inayofuata haihitaji jua tena. Kwa joto la mwili peke yake, atomi moja ya haidrojeni huiacha kaboni iliyokuwa imeishika na kwenda kushikwa na kaboni nyingine ya molekuli ile ile. Saa kadhaa baadaye, mkulima akiwa ameshakoga na kukaa barazani, molekuli zile za ngozi zimekuwa vitamini D, ile inayouwezesha mwili kufyonza kalsiamu na kujenga mifupa. Zihesabu atomi upya: kaboni 27, haidrojeni 44, oksijeni moja. Hakuna kilichoingia wala kilichotoka.

Akiendelea kubaki juani hadi alasiri, molekuli iliyofunguka yaweza kugeuzwa na miale ile ile kuwa dutu nyingine mbili, lumisteroli na takisteroli. Nazo zina hesabu hiyo hiyo ya atomi, ila kwa mifupa hazina msaada huo. Hii ni mojawapo ya sababu kwamba mtu halewi vitamini D kwa kulima juani, hata alime maisha yake yote: ikizidi njiani, sehemu yake hupangwa namna nyingine isiyo na kazi. Ngozi moja, hesabu moja ya atomi, na dutu ambazo moja huokoa mtoto asipate matege, nyingine hupita tu.

Badiliko la namna hii wakemia huliita kujipanga upya. Katika mimenyuko mingi tunayofundishwa shuleni, kitu hukutana na kitu: asidi na besi, chuma na oksijeni. Kipya huzaliwa na mkutano huo. Hapa molekuli haikutani na mwenzake wa kudumu naye. Inajipangua yenyewe kwa yenyewe, sehemu yake moja inaondoka hapa na kukaa pale, na kitu kinakuwa kingine. Mwanafunzi mmoja wa mchepuo wa PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, niliyekuwa nikimsaidia masomo pale Kibaha aliitazama hesabu hiyo ubaoni kwa muda, akaniuliza: "Mwalimu, kama hakuna kilichoongezwa, kipya kimetoka wapi?"

Sijui kama kuna swali zuri zaidi katika kemia nzima. Ni swali ambalo lingeweza kuulizwa na mtu asiyewahi kuona chupa ya maabara, na nadhani ndiyo sababu lilinikaa moyoni. Tumezoea kuamini kuwa tofauti kati ya vitu ni tofauti ya kilichomo: chumvi ina kitu ambacho sukari haina, na chenye thamani kina kitu ambacho kisicho na thamani hakina. Basi tukiambiwa vitu viwili vina kilekile, kwa kiasi kilekile, bila kuzidiana hata atomi moja, na bado kimoja ni dawa na kingine si dawa, msingi huo wote unatikisika.

Ulitikisika kwa kishindo huko Berlin mwaka 1828. Friedrich Wöhler alikuwa akitafuta chumvi iitwayo amoniamu sianati. Alipokausha maji yake alipata fuwele nyeupe ambazo hazikuwa na tabia ya chumvi hiyo. Alipozichunguza akakuta ni urea, dutu ambayo hadi siku hiyo watu walikuwa wakiipata kwenye mkojo tu, na wengi waliamini kuwa vitu vya aina hiyo haviwezi kutengenezwa pasipo nguvu fulani ya uhai. Wöhler alimwandikia mwalimu wake, Jöns Jacob Berzelius wa Sweden, akimweleza kuwa anaweza kuitengeneza urea bila figo ya mtu wala ya mbwa. Chumvi aliyoanza nayo ina naitrojeni mbili, haidrojeni nne, kaboni moja na oksijeni moja. Urea nayo ina naitrojeni mbili, haidrojeni nne, kaboni moja na oksijeni moja. Ndiyo ile ile tunayoinunua leo kwa mfuko kwenye maduka ya pembejeo, ingawa viwanda siku hizi huitengeneza kwa njia nyingine, kutokana na amonia na kaboni dayoksaidi.

Historia ya kazi ya Wöhler kwa kawaida husimuliwa kama ushindi dhidi ya wale walioamini nguvu ya uhai. Mimi naona jambo la pili lililofichwa na hilo la kwanza, nalo ni zito zaidi. Berzelius alilazimika kukubali kwamba dutu mbili zinaweza kuwa na mahesabu sawa na bado zikawa mbili, na mwaka 1830 akazipa dutu za namna hiyo jina la isoma. Kuanzia hapo, kujua kitu kimetengenezwa na nini hakukutosha tena. Ilibidi pia kujua nani ndani yake amekaa karibu na nani.

Hilo ndilo jibu nililompa yule kijana. Kipya kimetoka kwenye ujirani. Haidrojeni iliyohama katika ngozi ya mkulima haikubadilika yenyewe. Ni haidrojeni kama zilivyo nyingine zote. Kaboni iliyoachwa na kaboni iliyopokea nazo ni kaboni tu. Kilichobadilika ni mahusiano yao, na kwa kubadilika huko umbo zima la molekuli limekunjuka kwa namna nyingine. Umbo hilo, likishapitia kwenye ini na figo na kuongezewa oksijeni huko, ndilo linaloingia sawasawa kwenye kipokezi chake ndani ya seli na kuiamuru ishughulike na kalsiamu. Mpangilio huwezi kuushika wala kuupima kwa kilo. Lakini mifupa ya mtoto inaujua.

Nimewahi kuwasikia watu, wengine wa dini na wengine wasio wa dini, wakilalamika kuwa sayansi imemshusha binadamu hadi kuwa rundo la atomi. Naelewa uchungu wao, ila nadhani hawajaitazama kemia kwa karibu. Rundo halijali nani amekaa wapi. Molekuli haijali kingine chochote.

Sasa, kwa nini sehemu ya molekuli ihame? Hapa ndipo penye utamu, na panaelezeka kwa Kiswahili cha kawaida kabisa. Chukua kaboni mbili zilizoshikana. Kaboni kwa desturi yake huwa na vifungo vinne, na kila kifungo ni jozi ya elektroni. Tuseme asidi imeigusa kaboni ya kwanza, na kikundi kimoja kilichokuwa kwake kimeondoka kama maji, kikachukua jozi yake ya elektroni. Kaboni hiyo imebaki na vifungo vitatu na upungufu wa elektroni mbili. Hali hiyo haikaliki. Kwa kawaida haidumu hata kwa muda wa kufumba na kufumbua. Jirani yake, kaboni ya pili, ametimia. Ndipo kifungo kimoja cha jirani huyo, pamoja na haidrojeni au kipande cha kaboni kilichoshikwa nacho, kinahamia kwa mwenye upungufu, kikiwa na jozi yake kamili ya elektroni.

Nilimpa kijana chaki achore mshale wa mwendo huo. Aliuanzisha kwenye kaboni yenye upungufu ukielekea kwa jirani, kama vile mwenye shida ndiye anayekwenda kuchukua. Wanafunzi wengi huanzia huko. Nikamwomba aufute na kuuanzia kwenye kifungo cha jirani, katikati kabisa ya mstari ule mfupi unaounganisha atomi mbili, maana hapo ndipo elektroni zilipo, kisha aupinde hadi kichwa chake kiguse upungufu. Akachora. Kisha akasimama, chaki mkononi, akasema polepole: "Lakini sasa jirani ndiye amepungukiwa." Hakuna aliyekuwa amemwambia. Mshale ndio uliomwambia.

Na ndivyo ilivyo. Upungufu haukuisha. Umehama. Umesogea nyumba moja kinyume na mwendo wa elektroni. Ni sawa na ukoo unaompeleka mtoto akakae kwa shangazi aliyebaki peke yake, asiye na wa kumchotea maji: mtoto hakutoka nje ya ukoo hata siku moja, shangazi amepata msaada, na nyumba iliyomtoa ndiyo sasa yenye pengo. Mtu angeuliza, faida iko wapi basi? Faida ni kwamba pengo limehamia pale linapoweza kubebwa. Kaboni inayozungukwa na kaboni nyingine tatu huustahimili upungufu kuliko inayozungukwa na mbili, na yenye mbili kuliko yenye moja, kwa sababu majirani huegemeza kwake sehemu ya elektroni zao. Upungufu husafiri hadi kwa mwenye watu wengi wa kumshika.

Wakati mwingine husafiri hadi kwa mwenye akiba. Mwaka 1860 Mjerumani Rudolph Fittig aliichemsha kwa asidi dutu iitwayo pinakoli. Alipata kitu ambacho muundo wake ulichukua miaka kueleweka, na Aleksandr Butlerov wa Urusi alikuwa miongoni mwa waliousaidia kufahamika. Katika pinakoli, kaboni mbili za katikati kila moja imebeba kikundi chenye oksijeni. Moja ikipoteza kikundi chake, jirani humpelekea kikundi kizima cha kaboni na haidrojeni tatu. Upungufu sasa umeangukia kwenye kaboni yenye oksijeni pembeni, na oksijeni ina jozi za elektroni ambazo haikuwa imezitumia. Inateremsha jozi moja, kifungo kinakuwa cha mara mbili, haidrojeni moja inaachiliwa, na shauri limekwisha. Kama kuna mmenyuko ambao ningependa kila kijana wa shule za Kibaha na Minaki aujue hata kama hatagusa kemia tena maishani, ni huu. Unaonyesha kuwa shida inaweza kuzunguka hadi imkute mwenye uwezo ambao hata yeye hakuwa ameuonyesha.

Kuna jambo lingine lililowachukua wakemia muda kulihakikisha. Kipande kinachohama, je, kinatoka kwanza nje, kikaelea peke yake, kisha kikarudi? Walilipima kwa kuweka dutu mbili zinazofanana, zenye alama tofauti, katika chupa moja, na kuangalia kama vipande vitabadilishana wenyewe. Katika mimenyuko mingi ya aina hii havibadilishani. Kinachohama kinaanza kushikwa upande wa pili kabla hakijaachiwa upande wa kwanza. Hakipiti wakati wowote ambao si cha mtu.

Kwa watu wa Pwani, mfano wa kujipanga upya ulio karibu kuliko yote umo katika maziko ya Kiislamu. Maji ya mwisho ya kumwosha maiti hutiwa kafuri, ambayo wazee wengi huiita karafuu maiti, na baadaye kafuri huwekwa kwenye viungo vya kusujudia: paji la uso, pua, viganja, magoti na vidole vya miguu. Ni fuwele nyeupe, baridi kidogo ukizishika, na ukiziacha kwenye karatasi hupungua siku kwa siku bila kuyeyuka, zikigeuka harufu moja kwa moja. Zamani ilitoka kwenye mti wa kafuri wa Asia ya Mashariki. Sehemu kubwa ya kafuri inayouzwa duniani leo inatoka kiwandani, na malighafi yake ni tapentaini ya utomvu wa misindano, miti ya jamii ile ile inayojaza shamba la Sao Hill, Mufindi, ambako nako utomvu hugemwa.

Ndani ya tapentaini kuna painini, molekuli yenye kaboni kumi na haidrojeni 16. Ina pete iliyobanwa ya pembe nne, na kaboni hazipendi pembe finyu namna hiyo. Kichocheo chenye asidi kinaipa haidrojeni moja, upungufu unatokea kando ya pete hiyo, na kifungo cha pete kinahama. Pete ya pembe nne inapanuka kuwa ya pembe tano, mbano unalegea. Baada ya mhamo mwingine inapatikana kamfeni, nayo ikiwa na kaboni kumi na haidrojeni 16. Kisha kamfeni hupangwa upya tena, hupewa oksijeni, na mwisho wa njia ni kafuri. Egor Wagner alianza kuufumbua mhamo huo mwishoni mwa karne ya 19, na Hans Meerwein mwaka 1922 akaonyesha kuwa kinachousukuma ni ile kaboni yenye upungufu ambayo hakuna aliyekuwa ameiona. George Olah alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1994 kwa kazi yake juu ya kaboni hizo zenye upungufu, ambazo alifanikiwa kuzifanya zidumu vya kutosha kuchunguzwa.

Nilimsalimu bibi mmoja wa Kisarawe ambaye huosha maiti za wanawake. "Shikamoo bibi." "Marahaba, mwanangu." Nikamweleza kwa kadiri nilivyoweza kwamba kafuri aliyonayo huenda haikutoka kwenye mti wa kafuri, ilikuwa utomvu wa mti mwingine uliopangwa upya. Nikamuuliza kama jambo hilo linamsumbua. Alifunga kikaratasi chake vizuri kabla ya kunijibu. "Mimi natazama kama ni kafuri," akasema. "Ilikotoka anajua Mungu."

Alikuwa sahihi kikemia, tena kwa undani kuliko alivyokusudia. Molekuli haina kumbukumbu. Ya mti na ya kiwandani, zikiwa na mpangilio mmoja, hazina alama yoyote ya safari zilizopita. Kitu kimoja ambacho mkemia mwangalifu angeweza kugundua ni kuwa kafuri ya kiwandani kwa kawaida ni mchanganyiko wa maumbo mawili yanayotazamana kama mkono wa kulia na wa kushoto, wakati mti wa kafuri hutoa la upande mmoja; na hiyo nayo ni tofauti ya mpangilio, haihusu asili. Kwa hiyo, katika ulimwengu wa molekuli, kuuliza "wewe ni nani?" na kuuliza "nani amekaa karibu na nani ndani yako?" ni swali moja.

Mahali napo pana neno lake. Ile haidrojeni ya vitamini D inahama ndani ya ngozi kwa haraka kuliko inavyohama dutu hiyo ikiwa imeyeyushwa kwenye chupa, kwa sababu utando wa seli unaishika molekuli katika mkao uliokunjika unaofaa kwa mhamo. Kwenye msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, kila mti unaojenga mbao zake hupitia hatua moja ambamo molekuli iitwayo korismati hujipanga upya kuwa prefenati, bila kuongezewa wala kupunguziwa kitu. Kutoka hapo zinapatikana amino asidi, na mojawapo yake mti huitumia kutengeneza lignini, kinachoipa mbao ugumu. Hatua hiyo ingeweza kutokea yenyewe, polepole mno. Kimeng'enya cha mti huiharakisha zaidi ya mara milioni moja, na sehemu ya msaada wake ni kuishika molekuli katika mkao ambao mhamo unawezekana. Sisi binadamu hatuna kimeng'enya hicho. Mojawapo ya amino asidi hizo hatuwezi kabisa kuitengeneza wenyewe, na tunaila kutoka kwa mimea, au kwa wanyama walioila mimea.

Ninapofikiria ualimu nafikiria kimeng'enya hicho. Ninapofikiria Shirika la Elimu Kibaha, lililoanza mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Nordiki na kukabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970, naona watu walioamini jambo hilo hilo juu ya maisha: shule, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima vilikuwapo pia mahali pengine nchini, lakini hapa viliwekwa pamoja kwa makusudi, ili mtoto anayesoma, mama anayejifungua na mkulima anayejifunza kilimo bora wawe majirani. Minaki yenyewe ni matokeo ya kuhama. Chuo cha St Andrew's kilikuwa Kiungani, Zanzibar, kabla ya kuletwa kwenye vilima vya Kisarawe katika miaka ya 1920.

Lakini mfano wa molekuli ukitumiwa kwa watu unaweza kuumiza, na sisi tunao ushahidi. Mwaka 1973 ilitangazwa kuwa kuishi vijijini ni amri, na katika miaka michache iliyofuata mamilioni ya Watanzania walihamishwa kutoka kwenye makazi yaliyotawanyika hadi kwenye vijiji vya pamoja. Nia ilikuwa kuleta shule, maji na zahanati karibu na watu, na palipofanikiwa vilikuja kweli. Siwezi kuyabeza hayo, kuna waliosoma kwa sababu hiyo. Ila tazama kilichotokea kwa mikorosho. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna takribani tani 145,000 za korosho ghafi. Msimu wa 1986/87 hazikufika tani 20,000. Sababu zilikuwa zaidi ya moja: bei ya mkulima ilikuwa duni, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 ugonjwa wa ubwiriunga ulishambulia maua. Lakini mojawapo, inayotajwa na wengi waliolichunguza jambo hili, ni kwamba watu walipelekwa mbali na miti yao. Mkorosho unataka mtu wa kupalilia chini yake. Asipokuwapo, kichaka kinapanda, moto wa nyika unapita, na korosho zinazoanguka hazina wa kuziokota.

Katika karatasi za mpango hakuna kilichopotea. Idadi ya watu ilikuwa ile ile, na miti ilikuwa imesimama palepale. Kilichokosekana ni kifungo kati ya mtu huyu na mti ule, na kifungo hakina safu yake kwenye jedwali la takwimu. Wale waliokuwa wakihesabu walifanya kosa ambalo Berzelius alilazimika kuliacha mwaka 1830: walidhani ukishajua kilichopo na kiasi chake umeshakijua kitu. Isitoshe, molekuli hujipanga upya ikiteremka kuelekea utulivu, upungufu ukitafuta wa kuubeba. Familia iliyobomolewa nyumba ili ihame haikuwa na upungufu uliokuwa ukitafuta njia. Upungufu uliletwa kwake.

Yule kijana alikuwa na swali la pili, nalo alilileta wiki iliyofuata. Kama majirani wakirudi walipokuwa, je, kitu cha zamani kinarudi? Kwa molekuli, nilimwambia, ndiyo, kabisa. Mhamo wa Wagner na Meerwein unaweza kwenda na kurudi, na mifupa ya kaboni ikirudi kwenye mpangilio wake hakuna kipimo duniani kitakachoonyesha kuwa iliwahi kuondoka. Kwa korosho jibu ni gumu zaidi. Mavuno yalirudi: wakulima walipata salfa ya kupulizia ubwiriunga, wakapanda miche mipya, soko likafunguliwa katika miaka ya 1990, na msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000. Ila waliorudi kwenye mashamba ya zamani huko Kisarawe walikuta miti iliyozeeka au iliyoungua, na mingine ikiwa na mwenyewe mpya. Na waliorudi hawakuwa wale wale, maana baba aliyejua mkorosho upi huzaa mapema na upi hupenda kumwaga maua alikuwa ameshafariki kijijini alikohamishiwa, na elimu hiyo haikuwa imeandikwa popote. Kijana aliandika jibu la kwanza kwenye daftari lake. La pili hakuliandika. Aliniuliza babu yake alihamishwa kutoka wapi, nikamwambia hilo akamuulize bibi yake wakati bado yupo.